Majina Niliyoyaita Jukwaani

Tangu niweke kipaza sauti chini, majirani zangu hapa Walukuba wanalalamika kwamba naongea taratibu mno. Walinizoea nikipiga kelele juu ya pikapu, na sasa nikiwasalimia kwa sauti ya kawaida wanadhani naumwa. Siumwi. Nimestaafu tu. Ninyi vijana mliobaki na kazi ya uemsii, ya kuita wasanii jukwaani, mmenijia mara nyingi na swali lile lile: kwa nini wasanii hawataki kuitwa majina yao? Wazazi waliwapa majina mazuri, makasisi wakayatilia maji, halafu mtu anapanda jukwaani na kujiita Profesa Pilipili. Mnacheka. Nami nilicheka nilipoanza, lakini kucheka huko niliacha mapema, na nitawaeleza sababu.

Mimi ni Felista Nekesa. Baba yangu alivuka kutoka Kenya kuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa Jinja, akapewa nyumba Walukuba, nami nikakulia katikati ya watu wa kila lugha. Kiwanda kilipofifia, wazee walibaki na vikohozi vyao na sisi watoto tukabaki na Kiswahili. Hicho ndicho kilichonipatia kazi. Bwana Shabani, Mnubi mmoja aliyekuwa na gari la matangazo, alikuwa anatafuta mtu wa kuita watu kwenye maonyesho ya muziki kwa lugha ambayo Msoga, Mgisu, Mluo na dereva wa lori la Mombasa wote wangeielewa. Alitaka mwanamke.

"Mwanamume akisema Kiswahili kwa spika hapa Uganda," aliniambia, "wazee wanapapasa mifuko kutafuta vitambulisho."

Alisema kweli. Watu wa rika lake walikisikia Kiswahili kwanza mdomoni mwa askari, na masikio hayasahau upesi. Siku yangu ya kwanza tulishuka Wanyange, kule kando ya ziwa, wanawake wakiwa wanaanika mukene, wale dagaa wetu wadogo. Nikashika kipaza, nikajaza kifua hewa, nikapaza: "Wote tokeni nje! Tokeni nje mara moja!" Nilitaka waje kusikia habari ya onyesho. Mama mmoja alitupa karai lake, akakimbilia ndani na kufunga mlango. Wengine wakamfuata. Ufuo mzima ukabaki na sisi, kunguru, na mukene.

Bwana Shabani alicheka mpaka akaegemea usukani. Kisha akafuta machozi na kunipa somo langu la kwanza. "Sema karibuni. Sema mabibi na mabwana, shikamooni. Hii lugha imewahi kuwapiga watu viboko, sasa wewe ipeleke ikawaombe radhi." Nimefanya kazi yote niliyofanya juu ya somo hilo.

Vyombo vyetu havikuwa vya kujivunia. Tulikuwa na spika mbili za honi, tumezifunga juu ya pikapu kwa mipira ya tairi iliyokatwa vipande virefu, na betri ya lori iliyokaa miguuni pangu ikinichoma viatu kwa asidi. Kipaza chenyewe tulikivika kitambaa cha leso ili upepo usikivume. Bwana Shabani alinifundisha kukishika chini ya kidevu, si mdomoni. Alichukia sana watu wanaopuliza kipaza na kusema "hallo, hallo." Alisema kama umeme upo watu watasikia, na kama haupo, hata ukipuliza mpaka kesho hutauleta.

Lakini kilichokuwa sheria kwake ni majina. Kabla ya onyesho lolote alinituma nyuma ya pazia kwa kila msanii. Nimuulize anaitwaje leo, nisubiri aseme mwenyewe, nimsikilize anavyolitamka, kisha nikaliseme jukwaani hivyo hivyo. Nisipunguze wala nisiongeze. Hata kama namjua tangu utotoni, nimuulize. Mwanzoni niliona ni kupoteza wakati. Nitamuuliza vipi Waiswa jina lake, na tumekula naye maembe ya wizi?

Jibu la hilo lilikuja lenyewe. Kwa Wasoga, Waiswa ni jina la pacha, na Mungu amewabariki Wasoga kwa mapacha. Ukisimama katika ukumbi wa Jinja ukaita Waiswa, nusu ya watu watakuitikia na nusu nyingine watakuuliza unamtaka yupi. Kulikuwa na bendi moja yenye akina Waiswa watatu, mpiga gitaa, mwimbaji na mcheza ngoma. Niliwaita jukwaani siku moja kwa jina hilo, wote watatu wakaja mbele, na kila mmoja akaanza wimbo wake. Baada ya hapo mmoja akawa Injinia wa Nyonga, wa pili akawa Sukari Guru, na wa tatu, ambaye alikuwa mvivu, akabaki Waiswa. Katika bendi hiyo hiyo alikuja kijana wa Kalasinga, mwana wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, fundi hasa wa tabla. Alizipiga pamoja na embaire, ile marimba kubwa ya Busoga, mpaka wazee wakasimama kucheza. Nilipomuuliza jina alisema, "Nyumbani kwetu ukiita Singh, hata babu anageuka. Niite Bwana Mto." Nikamwita Bwana Mto. Baba yake alikaa safu ya mbele na kilemba chake, akimshangilia Bwana Mto kuliko sisi wote.

Basi nikadhani nimepata jibu: jina la jukwaani ni la kutofautisha watu, kama namba za mabasi. Kumbe nilikuwa nimeshika mkia tu.

Akaja mmoja aliyejiita Meja Mapenzi. Alivaa koti lenye vifungo vya shaba na kofia aliyoshonewa na fundi wa sokoni. Siku hiyo tulikuwa Bugembe, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mwanajeshi wa kweli aliyekuja kustarehe na familia yake. Nilipomaliza tu kutangaza, mwanajeshi akasimama.

"Afande! Wewe ni ya kikosi gani?"

Meja aliivuta kofia yake ikae sawa. Akapiga saluti, kwa mkono wa kushoto, masikini, akasema: "Kikosi ya mapenzi, afande. Mimi iko peke yangu, wenzangu yote walioa."

Yule askari alicheka kwanza, ndipo sisi tukapata ruhusa ya kucheka. Wiki iliyofuata Meja alishusha cheo chake mwenyewe akawa Fundi Mapenzi. Nilimheshimu. Mtu wa kawaida, aliyezoea kuitwa "wewe" kila mahali alipopita, alikuwa amejaribu kujipandisha ngazi ambayo hakuna mtu angempandisha. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani, na huku kwetu umeme unakatika sana.

Kisha kulikuwa na mwalimu. Sitataja shule yake, kwa sababu bado yuko kazini na wazazi wa siku hizi wana midomo. Alikuwa na kigugumizi. Ukimsalimia njiani, ile "nzuri" yake ilichukua muda, nawe ukawa unatazama pembeni ili usimtie haya. Siku za mapumziko alikuwa mchekeshaji. Alijifunga kanga, akajitanda kilemba, akawa Bi Kiroboto, mama mkwe asiyeridhika na chochote. Na Bi Kiroboto hakuwa na kigugumizi hata kidogo. Maneno yalimtoka kama mtama unaomwagika kutoka gunia lililotoboka.

Nilimuuliza nyuma ya pazia, alipokuwa anajipaka wanja, inakuwaje. Alikuwa bado hajavaa kilemba, kwa hiyo jibu lilikawia. Alisema mwalimu anaogopa watu watamsema nini, lakini Bi Kiroboto kazi yake ni kuwasema watu, hana nafasi ya kuogopa. Akavaa kilemba. Papo hapo akanigeukia kwa sauti ya yule mama: "Na wewe Felista, hayo mabega wazi unamtegea nani?" Nilitoka pale nikicheka na machozi yananilenga. Tangu siku hiyo sikumwona tena msanii mwenye jina la jukwaani kuwa mtu wa kujificha. Niliona ni mtu aliyetafuta mlango wa kutokea nje.

Bwana Shabani alipofariki gari likabaki mikononi mwangu, na kazi ikapanuka mpaka Mbale. Barabara ile niliijua kwa mashimo yake. Mbale ilinikaribisha vizuri kwa sababu mimi ni Mbukusu, na lugha yetu na ya Wagisu ni ndugu wa tumbo moja. Wakisema nasikia, nikisema wanacheka lafudhi lakini wanasikia. Na huko Mbale ndiko nilikokutana na Kipepeo.

Alikuja kwangu akiwa amevaa gauni la kuazima, msichana mwembamba wa Nakaloke. Alikuwa na sauti ambayo ilikufanya usahau ulikuwa unasema nini. Nikamuuliza jina. Akasema, "Kipepeo." Nikamuuliza la nyumbani, kwa udadisi tu. Akatikisa kichwa. "Hiyo siwezi kukupa, mama. Hiyo si yangu peke yangu."

Sikumsumbua. Alinieleza mwenyewe baadaye, tukiwa safarini kurudi Jinja, baada ya kusafiri pamoja muda mrefu na kuzoeana. Baba yake, Mzee Wambi, alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu katika soko la Nakaloke. Alipozaliwa msichana huyu, mzee alimpa jina la marehemu mama yake, Nambozo. Mnajua maana yake kwetu. Mtoto aliyebeba jina la bibi si mtoto tu. Mzee hakuwahi kumgombeza kwa kumtaja jina. Alimwita "mayi", yaani mama, tangu akiwa anatambaa. Alimwamkia asubuhi kabla ya watoto wengine. Akija na nyama, kipande laini kilikuwa cha mayi.

Msichana alipoanza kuimba kwenye baa za Mbale, mzee hakumpiga, hakumfukuza. Alimketisha chini akamwambia: "Imba. Mimi hapana kataza wewe kuimba. Lakini jina ya mama yangu isiingie kwa baa. Walevi hawatapigia mama yangu mluzi." Binti akaahidi. Ndipo akawa Kipepeo.

Ahadi aliitunza, lakini alilipa. Maana mzee naye aliitunza kupita kiasi. Nyimbo za Kipepeo zilipoanza kupigwa redioni, majirani walimpongeza sokoni, naye akajibu, "Huyo simujui." Hakuja kwenye onyesho hata moja. Nyumbani alimpokea binti yake kwa upendo ule ule, mayi karibu, mayi kula, lakini habari ya kuimba ikitajwa aliinuka kwenda kuangalia ng'ombe. Kipepeo aliniambia ng'ombe wa baba yake ndio wanaoangaliwa kuliko wote Bugisu. Alicheka aliposema hivyo. Halafu akasema, akiangalia dirishani, "Mimi nataka kitu moja tu, mama Felista. Anisikie. Siku moja tu, akae aniangalie, anisikie." Nilishika usukani nikakaza macho barabarani, kwa sababu baba yangu mwenyewe alikufa bila kunisikia nikitangaza hata Wanyange.

Siku yenyewe ilikuja wakati ambao nilikuwa nimeshaanza kuwaambia watu kwamba nitapumzika. Kulikuwa na onyesho la mchana Nakaloke, uwanjani karibu na soko, siku ya gulio. Pembeni vikundi vya wanaume vilikuwa vimezunguka vyungu vya malwa, ile pombe ya ulezi, mirija mirefu mdomoni. Wazee walipangiwa viti chini ya hema. Nilikuwa nyuma ya pazia na Kipepeo, namfunga zipu, alipochungulia uwanjani akashika mkono wangu kwa nguvu.

"Baba yuko."

Nikachungulia. Mzee Wambi alikuwa safu ya pili, amevaa koti lake la kanisani katika lile jua, mikono juu ya fimbo. Kama amekuja kwa ajili yake au kwa sababu soko limehamia uwanjani, hakuna aliyejua. Nikamwambia avute pumzi, nitatoka nimtangaze vizuri kuliko nilivyowahi kumtangaza mtu.

Nilichelewa. Kansala, yaani diwani wa eneo hilo, mtu mwema mwenye tumbo la furaha, alikuwa amepewa kipaza asalimie. Alikuwa amesoma na Kipepeo shule ya msingi na aliona fahari. Badala ya kunirudishia kipaza, akatangaza yeye. "Watu ya Nakaloke! Huyu si mugeni! Huyu ni mutoto yetu! Nambozo! Nambozo, binti ya Muzee Wambi! Kuja, Nambozo!"

Hakuwa na ubaya. Alisahau tu kwamba mtu wa jukwaani huulizwa kwanza.

Umati ukalidaka. Nambozo! Nambozo! Walipiga makofi, walipiga mluzi, na wale wa malwa wakainua mirija juu na kuita jina hilo kwa sauti za kilevi, wengine wakiongezea maneno ambayo sitayaandika. Nikaona Mzee Wambi anasimama.

Kipepeo alivua viatu, akakaa chini kwenye boksi la spika. "Sitoki," alisema. "Anayeitwa hayuko hapa."

"Mwanangu, baba yako yuko nje."

"Ndiyo maana sitoki. Nikitoka kwa jina hilo, nimemtembeza bibi katikati ya walevi, na baba anaona. Nisipotoka, ataenda nyumbani bila kunisikia, na hatarudi tena." Alikuwa analia bila sauti, wanja unashuka mashavuni. "Niambie nifanye nini, mama."

Nilikimbia jukwaani, nikachukua kipaza kutoka kwa kansala, nikaita Kipepeo, Kipepeo, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Haikufika popote. Umati ulikuwa umeshapata jina tamu zaidi, la nyumbani, na haukutaka kuliachia. Bendi ikaanza utangulizi na kuurudia, na kuurudia tena.

Mzee akaja. Alipita katikati ya viti, akapanda ngazi za mbao moja moja kwa fimbo yake, na watu waliomjua wakaanza kunyamazishana. Nilidhani amekuja kumchukua binti yake. Alinyoosha mkono kwangu.

"Leta hiyo."

Nikampa. Alikishika kipaza kwa mikono miwili, karibu kabisa na mdomo, kama mtu anayekula mahindi ya kuchoma. Spika zikalia, kisha zikatulia.

"Nambozo amelala," alisema. "Nambozo ni mama yangu. Tulimuzika hapo juu, ninyi wengine mulikuwapo. Musimuamushe."

Mirija ya malwa ikashuka.

"Lakini hapa nyuma iko musichana moja," akaendelea. "Wanasema anaimba. Mimi sijasikia yeye. Nimekuja kusikia." Akageukia pazia, na lile jina ambalo hakuwahi kulitamka likamtoka polepole, kila silabi peke yake. "Kipepeo. Kuja uimbe."

Kipepeo akatoka pekupeku. Hakuwa amefuta uso. Bendi ikajua la kufanya, ikaingia kwenye wimbo wake unaopendwa sana, ule wa Kigisu unaoiomba mvua isilowanishe vitunguu vya mtu aliyeko njiani kwenda sokoni. Mzee Wambi alibaki pale pale pembeni mwa jukwaa. Alikuwa amesahau kabisa kwamba ana kipaza mkononi. Kazi yangu ilikuwa kumwendea, kukichukua, kumpa mwimbaji. Nilipiga hatua moja nikasimama.

Kwa sababu Kipepeo alikuwa ameanza kuimba kwa koo tupu, na juu ya sauti yake, kutoka kwenye spika zote, tukasikia sauti nyingine, nzito, ya kunong'ona. Mzee alikuwa amefumba macho, midomo imegusa kipaza, anaimba naye. Ubeti wa kwanza wote. Kiitikio. Hata yale maneno madogo ambayo Kipepeo huyaongeza redioni tu, mzee aliyajua.

Kipepeo alimgeukia, akanyamaza katikati ya mstari. Baba yake hakujua kwamba amebaki peke yake. Aliendelea na wimbo mpaka mwisho.